Kasi haiui, mchapuko ndio unaoua

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze fizikia. Msikimbie! Hakuna mtihani mwishoni. Nina hoja moja tu ninayotaka kuitetea: sisi watu wa barabarani tunaijua kasi, tunaitungia sheria, tunaifungia mitambo, lakini ndugu yake anayeitwa mchapuko hatumjui. Na huyo ndiye anayetumaliza.

Tuanze na maneno yenyewe. Kasi ni umbali unaokwenda kwa muda fulani. Sindano ya gari ikisoma 80, maana yake ukiendelea hivyo saa nzima utakuwa umekata kilomita 80. Ukiiongezea kasi mwelekeo, unapata velositi. Kilomita 80 kwa saa kuelekea Mombasa na kilomita 80 kwa saa kuelekea Nairobi ni kasi moja, lakini ni velositi mbili tofauti. Waulize madereva wawili waliokutana uso kwa uso.

Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde. Kukanyaga mafuta ni mchapuko. Kupiga breki nako ni mchapuko, ila unavuta kwa nyuma. Na hapa ndipo wengi huachwa njiani: kukata kona pia ni mchapuko, hata kama sindano haikutikisika, kwa sababu mwelekeo umebadilika.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kwetu jambo hili ni mistari miwili tu. Mstari wa kwanza: velositi mpya ni velositi ya zamani, jumlisha mchapuko mara muda. Mstari wa pili: mahali papya ni mahali pa zamani, jumlisha velositi mara muda. Rudia hivyo mara 60 kwa sekunde na tayari una gari linalotembea kwenye mchezo wa kompyuta. Angalia vizuri lakini: dereva wa mchezo haugusi mstari wa pili hata siku moja. Usukani, mafuta na breki, vyote vitatu vinagusa mchapuko tu. Kasi ni matokeo. Gari la kweli ni vivyo hivyo.

Sasa twende Ndara, jirani na Voi, katika kaunti ya Taita Taveta. Kwa somo hili sijui maabara iliyo bora kuliko hiyo. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita pande hizo ikiwa na malori ya kwenda hadi Uganda, Rwanda na Kongo. Reli ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, inapita Voi pia, na treni yake ya abiria hufika kilomita 120 kwa saa. Ukiwa ndani ya treni hiyo kikombe cha chai kinatulia mezani. Kwa nini? Tuseme treni inachukua dakika nne kutoka kusimama hadi kufika kasi hiyo. Kila sekunde inaongeza mita 0.14 kwa sekunde basi, kitu kidogo mno. Halafu chukua matatu inayotoka stendi ya Voi na kufika kilomita 40 kwa saa katika sekunde tano. Hiyo inaongeza mita 2.2 kwa sekunde, kila sekunde. Treni ina kasi mara tatu ya matatu, lakini matatu ina mchapuko mara kumi na sita wa treni. Ndiyo maana mama aliyesimama anashika kiti kwenye matatu, na kwenye treni anatembea na mtoto mgongoni bila wasiwasi.

Funzo lake ni hili: mwili wa binadamu hauhisi kasi. Hivi sasa mtu wa Voi anazungushwa na dunia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na hakuna anayeshika kofia isipeperuke. Tunachohisi ni mabadiliko. Na huo ndio mtego wa barabara iliyonyooka kama ile ya nyika ya Tsavo. Dereva akishakaa kwenye 80 au 100 kwa nusu saa, mwili unamwambia ametulia tu kama yuko sebuleni kwake. Mwili haudanganyi, umeulizwa swali usiloweza kulijibu.

Tupige hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Usiku, ndovu anavuka barabara, na rangi yake na rangi ya giza ni ndugu. Dereva anamwona, anashtuka, mguu unahama kutoka mafuta kwenda breki. Mpe sekunde moja na nusu. Gari limekwenda mita 33 na breki haijaguswa! Kisha breki inashika. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari dogo linaweza kupunguza kama mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Litasimama baada ya mita nyingine 35. Jumla mita 68. Lori lililobeba mzigo, tuseme linapunguza mita 4 tu, litahitaji kama mita 95. Ukiwa na taa za chini zinazoonyesha mita 50 za mbele, ndovu huyo ulikwisha mgonga kabla hujamwona, ila habari haijakufikia.

Na asipokwepeka? Gari la kilomita 80 kwa saa likisimamishwa na kitu kigumu, mbele yake ikabonyea nusu mita, mchapuko wa kusimama unafika kama mara 50 ya ule wa kitu kinachoanguka. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari, na ana nafasi ya kuishi. Asiyefunga anaendelea mbele kwa kasi ileile mpaka dashibodi imsimamishe ndani ya sentimita tano hivi. Hapo ni mara 500. Kasi ya wawili hao ilikuwa moja, gari ni moja, ajali ni moja. Kilichotofautiana ni mchapuko tu.

Waliotengeneza magari wanalijua hili zamani. Mfuko wa hewa ulio kwenye usukani haungoji usomaji wa spidomita ndipo ufumuke. Kinachouamsha ni kifaa kidogo cha kupima mchapuko, ndugu wa kile kilicho ndani ya simu yako ambacho hugeuza picha ukiilaza simu. Mashine imefundishwa kuogopa kitu sahihi. Je, dereva?

Sasa tuje kwenye sheria. Kenya ilipopata kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu na mabasi yalitakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ilikuwa hatua kubwa na ninaiunga mkono mpaka leo. Lakini tazama kilichowatokea wananchi vichwani. Kidhibiti tulikielewa: 80 ni salama, 81 ni kosa. Mkanda, ambao ndio dawa ya mchapuko, ukageuka kitu cha kumwonyesha askari. Wangapi wetu tumeona abiria wakiambiwa wafunge mikanda kwa sababu kuna kizuizi cha polisi mbele, kisha wanafungua wakishapita?

Tena 80 yenyewe haina maana moja kila mahali. Toka Voi pita Mwatate, panda milima ya Taita kwenda Wundanyi. Chukua kona kali, ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 30. Ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, matairi yanatakiwa kutoa mchapuko wa mita 4.1 kwa sekunde kila sekunde. Yanaweza. Ukiipita kwa kilomita 60, yanatakiwa kutoa 9.3, na lami na mpira havina uwezo huo. Gari litateleza au kupinduka. Kidhibiti mwendo hakitasema neno, maana 60 iko chini ya 80!

Najua kuna atakayesema: basi unawaambia vijana kasi haina hatia? La hasha. Kasi ni deni, na mchapuko ni namna ya kulilipa. Deni lenyewe linakua vibaya: ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Ninachopinga ni kumfundisha mtu kiasi cha deni bila kumwambia litalipwaje. Anayejua namba 80 peke yake anatii sheria akiwa na macho ya askari. Anayejua mita 68 anapunguza mwenyewe giza likiingia.

Na kwa nini hatujui? Katika mtaala wa 8-4-4, mwendo wa mstari mnyoofu na kanuni za Newton vimewekwa kidato cha tatu, mwaka uleule ambao wanafunzi wengi huchagua masomo na kuiaga fizikia. Yaani mlango unafungwa pale pale somo linapoingia. Wala si aibu kwamba jambo lenyewe ni gumu. Mwaka 1604 Galileo mwenyewe aliandika kwamba kasi ya kitu kinachoanguka inaongezeka kwa kadiri ya umbali. Baadaye akaona kwamba ni kwa kadiri ya muda, na kitabu chake cha kulieleza hilo kikatoka mwaka 1638. Kama Galileo alihitaji miaka, makanga wa Voi anastahili angalau somo moja.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Kila shule ya udereva ichukue wanafunzi wake nje, iweke jiwe barabarani, iwapimie mita 68, iwasimamishe mwisho wake na kuwaambia: ukiwa 80, hapa ndipo ulipopaswa kuwa umekwisha kuona hatari. Kisha iwapimie mita 35 na kuwaambia: hapa ni kwa 50. Waache watazame wenyewe pengo lililo katikati. Hakuna kanuni ya kukariri wala Kiingereza cha kuogopa, na sidhani kuna atakayelisahau pengo hilo.