Mzazi akandwe, asiunguzwe

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Ni kweli, lakini yanambabua mzazi. Mimi ni muuguzi, nimesomea nyumbani na huku ughaibuni, na nimewauguza akina mama walioungua tumbo kwa kukandwa.

Uwe Louisville, Columbus au Buffalo, shangazi akija kukulea uzazi mheshimu, ila mweleze: maji yanayounguza hayatoi damu chafu. Kizazi hurudi chenyewe kwa wiki 6 hivi, na kunyonyesha hukisaidia. Kitambaa cha uvuguvugu kinatosha kutuliza maumivu. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe kwenye mshono.

Nyumbani tulichemsha maji, tukachanganya na baridi. Huku yanatoka bombani yakiwa moto tayari. Yakifika Farenhaiti 140 huunguza ngozi kwa sekunde 5 hivi. Mwambie mwenye nyumba ashushe mtambo hadi 120.

Mtu akiungua, mwagia maji ya bomba ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno. Akibabuka sehemu kubwa, piga 911.

Maoni yangu: mila ibaki, moto upungue.