ZANZIBAR: UDOGO WA NCHI SI SABABU YA KUPOKWA MAAMUZI

Kila yanapotajwa mamlaka ya Zanzibar, tunaambiwa kuwa visiwa hivi ni vidogo mno kujiamulia mambo yake. Hoja hii hatuikubali. Haki katika Uislamu haipimwi kwa upana wa ardhi wala wingi wa watu.

Ndugu Waislamu, tarehe 16 Disemba 1963 Zanzibar ilipokewa katika Umoja wa Mataifa ikiwa dola kamili. Tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Tanganyika kwa mkataba uliotaja mambo 11 tu ya Muungano. Leo mambo hayo ni 22. Sarafu iliongezwa mwaka 1965, mafuta na gesi asilia mwaka 1968, uandikishaji wa vyama vya siasa mwaka 1992. Hakuna hata moja ambalo Wazanzibari waliulizwa kwa kura.

Wanavyuoni wa fiqhi wamebainisha hukmu ya sharika: mshirika ni wakili wa mwenzake ndani ya mipaka waliyoridhiana, na anayeivuka bila idhini hubeba dhamana. Ikiwa hii ndiyo hukmu ya watu wawili wenye duka moja, seuze nchi mbili? Suratul-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba, na Suratu Shura inawasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana.

Wapo wanaohofu kuwa kurejesha mamlaka ni kuvunja Muungano. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria iliyoiachia Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake. Je, Muungano ulivunjika? Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza mambo ya Muungano yawe 7, lakini Bunge Maalumu la Katiba likauacha muundo huo mwaka 2014.

Tunawanasihi wenye mamlaka waurejee mkataba na wawaulize wananchi. Nao viongozi wa Zanzibar wajue kwamba kujitawala ni amana. Anayedai haki Dodoma kisha akamdhulumu raia wa Pemba au Unguja, ameibomoa hoja yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.