Ukiagiza Vyakula Hotelini, Lipa Ukishafungua Mfuko

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia nyingi za bara huanza kupanga safari ya Mombasa. Watoto wanataka bahari, na wakishasikia habari za Wild Waters kule Nyali, na yale mabomba ya kuteleza hadi majini, basi bahari peke yake haitoshi tena. Mzazi naye anapiga hesabu: treni, chumba, tiketi za watoto. Kinachosahaulika ni chakula, na hicho kinarudi kudai pesa asubuhi, mchana na jioni.

Kwa hivyo tunawaelewa sana wateja wetu wanaochukua chumba chenye jiko na friji, kisha wanaagiza vyakula viletwe hapo hapo. Mkate, maziwa, mayai, ndizi, majani ya chai, unga, pakiti ya nepi. Treni ya alasiri kutoka Nairobi hufika usiku, na kituo cha SGR kiko Miritini, mbali na hoteli za Nyali. Nani anataka kushuka pale na mabegi matatu, mtoto amelala begani, halafu aanze kutafuta supamaketi?

Kuagiza ni sawa kabisa. Tunachotaka kuzungumzia ni wakati wa kulipa. Msimamo wetu ni huu: ukiwa mgeni mahali, gharama ya kuletewa ilipe mapema, lakini vyakula vyenyewe vilipe mfuko ukiwa mbele yako, umeufungua na umeangalia.

Huenda ukashangaa kampuni ya malipo ikikuambia usiharakishe kulipa. Lakini sisi ndio tunaopigiwa simu mambo yakiharibika, na mara nyingi mteja anaomba jambo ambalo haliwezekani.

Nyumbani si sawa na likizoni

Mtaani kwako, mama mboga anakujua. Akikuletea nyanya zilizopondeka leo, kesho unapita hapo na anakuongezea dania na nyanya mbili za kukupoza. Hata ukimlipa kabla hajakuletea, hamtapotezana. Anataka urudi, na wewe unataka akukopeshe mwisho wa mwezi.

Nyali huna mama mboga. Una namba ya simu uliyopewa na mtu, au uliyoipata mtandaoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu uko kwenye treni ya kurudi. Muuzaji asiye mwaminifu anajua hivyo. Hata aliye mwaminifu, akiwa na oda nyingi za Desemba, ataanza kuhudumia wale atakaowaona tena Januari.

Kikatiba una haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Lakini hebu tuambizane ukweli: nani atarudi Mombasa kudai mayai sita yaliyovunjika? Kwa vitu vidogo kama hivi, nguvu yako ya kweli ni ile pesa ambayo bado iko kwenye simu yako.

Kurudisha muamala hakutakusaidia hapa

Wateja wengi wanaamini kwamba wakidanganywa wataomba muamala urudishwe na mambo yataisha. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ulitaka kumtumia dada yako, tarakimu moja ikapotea, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Hapo tunaweza kufuatilia, na hata hapo ni lazima uwahi kabla hajaitoa.

Ukimlipa muuzaji uliyemchagua mwenyewe, namba ni sahihi, jina ni sahihi, kiasi ni kile mlichokubaliana, hiyo kwetu ni malipo yaliyofika panapotakiwa. Kwamba maziwa yalikuwa yameganda au sukuma wiki ilikuwa ya juzi, hayo ni kati yako na yeye. Mitambo yetu inaona shilingi, haioni nyanya.

Je, muuzaji naye?

Hapa tunajua kuna watakaotupinga, na wana hoja. Kuna mama anayeamka alfajiri kwenda soko la Kongowea, ananunua kwa pesa yake, anampa mtu wa boda, na boda akifika hotelini mteja hapokei simu. Ameshapeleka watoto kuogelea. Mboga zinarudi zimenyauka na mafuta ya pikipiki yameshachomeka. Mama huyo akisema hataki tena oda bila malipo ya mapema, utamlaumu?

Hatumlaumu. Ndiyo maana hatusemi mteja asitoe chochote. Tunasema ugawe malipo mara mbili. Tuseme vyakula ni shilingi 2,800 na boda ni 200. Tuma hizo 200 unapoagiza. Zinamwonyesha muuzaji kwamba hufanyi mchezo, na ukipotea, safari ya boda imelipwa. Zile 2,800 zinasubiri mzigo. Hapo muuzaji hatari yake imepungua, na wewe ukidanganywa umepoteza 200 tu. Kama oda ni kubwa, au ina samaki na nyama ambavyo haviwezi kuuzwa tena kesho, ongezeni kiasi cha mapema mkielewana. Lakini kiasi kinachobaki kiwe cha kutosha kumfanya muuzaji ajali mzigo umefika ukiwa katika hali gani.

Na wewe mteja, ukiahidi kuwa chumbani saa moja asubuhi, uwe chumbani saa moja asubuhi.

Saa ya hatari ni ile uko majini

Makosa mengi ya malipo hutokea mtu akiwa na haraka. Fikiria uko Wild Waters, umelowa, mtoto mmoja analia anataka kupanda tena, mwingine anataka chipsi. Simu inalia: "Niko geti la hoteli, mlinzi anasema siwezi kuingia. Tuma pesa kwa hii namba yangu, nimwachie yeye mzigo."

Hapo umeombwa mambo matatu kwa mpigo: ulipe bila kuona, ulipe namba ambayo si ya duka, na mzigo wako ubaki kwa mtu ambaye hujamwambia chochote. Huenda kijana wa boda hana nia mbaya, amechoka tu na jua. Lakini ukituma, na duka baadaye likisema halijaona pesa, utabaki kati ya watu wawili wanaorushiana lawama.

Njia rahisi ni kutojiweka kwenye hali hiyo. Agiza mzigo ufike asubuhi kabla hamjatoka, au jioni mkisharudi. Kabla ya kuagiza, piga simu mapokezi uulize mambo mawili: wanaruhusu vyakula kutoka nje, na mleta mzigo anaishia wapi? Hoteli nyingine, hasa zile ambazo chakula kimo kwenye bei ya chumba, hazitaki kabisa. Ni afadhali ujue mapema kuliko mzigo urudishwe getini.

Mfuko ukifika

Fungua hapo hapo, mletaji akiwepo. Angalia mayai, tarehe ya maziwa na mkate, na vitu vya kupima kilo. Kama kuna kilichokosekana, mpigie muuzaji simu mkubaliane apunguze bei, kisha ndio ulipe.

Lipa kwa Till au Paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina la duka likiwa moja na la Till likiwa lingine, uliza kwanza. Wako wafanyabiashara wadogo wanaotumia majina yao wenyewe, na hilo si kosa, bora muuzaji akuambie jina hilo kabla hujaliona. PIN uiweke wewe mwenyewe. Usimpe mtu simu eti akusaidie kwa sababu mikono yako ina maji, hata kama ni mhudumu mliyezoeana tangu jana. Kisha hifadhi ujumbe wa malipo hadi utakapofika nyumbani.

Kwa wauzaji wanaosoma hapa, nanyi mjilinde. Malipo yamefika pale ujumbe unapoingia kwenye simu yako na salio linapoongezeka. Picha ya ujumbe uliyotumiwa na mteja kwa WhatsApp haitoshi, kwa sababu maandishi yanaweza kutengenezwa. Mwambie mtu wako wa boda asiachie mzigo hadi wewe umthibitishie.

Na programu zinazotaka ulipe kwanza?

Zipo supamaketi kubwa na programu za kuagiza ambazo hazitoi mzigo bila malipo. Hizi hatuziweki fungu moja na namba uliyopewa na mtu. Zinakupa risiti, zinaonyesha oda ilipofika, na zina mahali pa kulalamika. Ukitumia hizo, malipo yote yabaki ndani ya programu. Mletaji akikuambia programu imegoma, umlipe yeye mkononi au kwa namba yake, kataa na uwasiliane na kampuni yenyewe. Ukilipa nje, ile risiti haina tena la kukusaidia.

Lakini kwa oda nyingi za likizo, zile za mama wa Kongowea na duka la karibu na hoteli, mazungumzo ndiyo yanayopanga malipo. Kwa hiyo yaanzishe wewe, mapema, kwa heshima. Unaweza kuandika hivi: "Habari mama. Naomba vitu hivi viletwe kesho saa moja asubuhi, nitakuwa mapokezi. Pesa ya boda natuma sasa hivi. Ya vyakula nitalipa kwa Till yako nikishaangalia mzigo. Hiyo ni sawa?"

Muuzaji anayetaka biashara atajibu ni sawa, au atakuambia anataka kiasi gani mbele na kwa nini. Anayekataa kabisa, anayesema leta yote sasa au tuache, basi muache. Kongowea ina wauzaji wengi, na familia yako bado itakunywa chai.