Nipe Mji: Kanuni na Kuzama katika Mchezo wa Vitendawili

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Sisi wanafunzi wa fasihi huitaja methali hii mara kwa mara, ila ni nadra kujiuliza ni nini hasa kinachomfanya mchezaji ajisahau na kuzama mchezoni. Je, kanuni humsaidia kuzama au humzuia? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kukitazama kitendawili, hasa kwa kuzingatia mazingira ya Kwale na pwani ya kusini ya Kenya. Hoja yangu ni moja: kanuni iliyo bora haimtoi mchezaji katika ulimwengu wa mchezo, bali ndiyo imwingizayo.

Swali lenyewe halituhusu sisi peke yetu. Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo, kila mchezaji huvaa uhusika fulani. Msimamizi hueleza ulimwengu wa kubuni, mchezaji husema mhusika wake anatenda nini, kisha dadu huamua kama amefaulu. Wapenzi wa michezo ya aina hii wamekuwa wakivutana kuhusu jambo moja. Wako wanaotaka kanuni nyingi ili pasiwe na upendeleo. Wako pia wanaolalamika kwamba kila dadu zinaporushwa na hesabu kujumlishwa, hadithi husimama, na shujaa aliyekuwa akikabiliana na joka hugeuka tena kuwa mtu aliyeketi kitini, penseli mkononi.

Kwa maoni yangu, kitendawili kina jibu la mvutano huo. Mtegaji huita, "Kitendawili!" Wenziwe huitika, "Tega!" Kwa maneno hayo mawili, mazungumzo ya kawaida yamekwisha na mchezo umeanza. Mtegaji husema, "Nyumba yangu haina mlango." Hadhira hujaribu mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Wakishindwa, jibu halitolewi bure. Mtegaji hudai, "Nipeni mji." Wakimpa Vanga, mtegaji husimulia alivyosafiri hadi Vanga, alivyolakiwa, alivyokula akanywa na jinsi wenyeji walivyomsihi asiondoke. Akishakustarehe, ndipo asemapo kwamba nyumba ile ni yai.

Tuitazame kanuni hii kwa makini. Kwanza, ni adhabu kwa walioshindwa, kwani wanalazimika kungoja. Pili, ni tuzo kwa mtegaji. Tatu, na hili ndilo kubwa, adhabu hiyo na tuzo hiyo zote ni hadithi. Hakuna anayetoka mchezoni ili kuhesabu alama. Kule kulipa kwenyewe ni kuendelea kucheza. Aidha, aliyeshindwa hanyamazishwi. Yeye ndiye achaguaye mji, na kwa hivyo ana mkono katika safari atakayoisikiliza.

Isitoshe, mji hubeba kanuni zake wenyewe. Aliyepewa Wasini hana budi kuvuka maji, maana ni kisiwa. Akidai alifika huko kwa matatu, atachekwa. Aliyepewa Gazi atarajiwe kuitaja mikoko. Aliyepewa Kinango asithubutu kusimulia alivyovua papa, kwa kuwa Kinango ni bara. Hapahitajiki kitabu cha sheria wala mwamuzi, kwani ujuzi wa wasikilizaji kuhusu mahali pao unatosha kumdhibiti msimulizi. Kadiri wanavyopajua mahali hapo, ndivyo wanavyozama zaidi.

La kusikitisha ni kwamba shuleni kanuni hii imebaki jina tu. Fasihi simulizi hutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, na mwanafunzi hukariri kuomba mji kama hatua mojawapo ya uwasilishaji wa kitendawili. Anaweza kuitaja hatua hiyo barabara bila kuwahi kupewa mji hata siku moja. Darasani, mtoto wa Msambweni aliyekosa jibu hutiwa alama ya kosa, kisha swali la pili hufuata. Mwanazuoni Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka wa 1938, alitofautisha mdanganyifu na mvunja mchezo. Mdanganyifu angalau hujifanya anacheza. Mvunja mchezo huuvunja ulimwengu wote wa mchezo. Simlaumu mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40 na silabasi ndefu. Hata hivyo, kitendawili kisicho na mji si mchezo tena, ni chemshabongo.

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kuzitupa kanuni zote, wanafunzi wasimulie watakavyo. Siafiki. Safari ya Vanga ina utamu kwa sababu kuna jibu linalongojewa. Liondoe jibu, na safari itakuwa porojo isiyo na mwisho; iondoe safari, na jibu halitakuwa na thamani. Mizani iko katika kuviunganisha viwili hivyo, si katika kukipunguza kimoja ili kumridhisha mpenzi wa kingine.

Napendekeza mambo mawili. Mosi, sisi tunaokwenda nyanjani, iwe Diani, Shimoni au Lunga Lunga, tuirekodi safari nzima. Mkusanyiko unaochapisha swali na jibu pekee umeacha nusu ya utanzu barazani. Pili, mwalimu atenge dakika mbili kwa kila kitendawili kilichowashinda wanafunzi, wampe mtegaji mji, naye atuzwe alama kwa usimulizi wake. Hapo mwanafunzi atajifunza ubunifu, ufasaha na jiografia ya kwao kwa pamoja, na methali ya wahenga itakuwa imetimia.

Nami nimekwisha kutega. Atakayeona hoja hii ina kasoro na aijibu katika kurasa hizi. Akishindwa, sheria anaijua.