Maji ya Eldoret Hayachemki kwa Nyuzi 100, na Aliyeuliza Si Mjinga

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa makamo alinisimamisha karibu na stendi ya matatu, nikiwa na simu yangu mkononi narekodi. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Kijana, kwani huna kazi? Unazunguka mji mzima ukiuliza watu mbona githeri inachelewa kuiva?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ukichekwa hadharani na usicheke, wanajua umeumia. Nikapanda matatu nikaenda zangu Langas. Lakini nilikuwa nimeumia. Kwa hivyo leo najibu.

Ndiyo, mzee wangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Watu hunitumia maswali ambayo wamekaa nayo miaka na hawajawahi kupata wa kumuuliza. Mbona kitunguu kinaliza? Mbona saa ya mkono inaonyesha saba na sisi tunasema saa moja? Mbona wazee wa hapa wanaita mji huu Sisibo? Na hilo la githeri. Nataka kuwaambia kitu kimoja tu leo: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni swali la kijinga, na wale wanaoyaita hivyo wanatuharibia watoto.

Tuanze na majibu, ili msiseme napiga kelele tu.

Sisibo ni "sixty-four" ikitamkwa na ulimi wa Kikalenjin. Mji huu ulianzia kwenye shamba la walowezi lililopewa namba 64, posta ikafunguliwa hapo mwaka 1910, na jina la Eldoret likaja baadaye. Ukisema Sisibo unasema namba ya shamba ya mkoloni bila kujua. Hilo si jambo dogo kwa mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024.

Saa? Mswahili alianza kuhesabu saa za mchana jua linapotoka. Huku karibu na Ikweta jua halibadilishi tabia sana, linatoka karibu wakati ule ule Januari hadi Desemba. Saa moja ikipita tangu kupambazuke, ni saa moja. Mzungu anaanza kuhesabu siku katikati ya usiku, akiwa amelala. Sasa niambieni nani hapo ana saa ya ajabu.

Kitunguu nacho, ukikikata unavunja chembe zake, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani vinakutana, inatoka gesi yenye salfa, na ikigusa unyevu wa jicho inawasha. Jicho linajiosha kwa machozi. Watafiti wa Japani walikaa na kitunguu hicho hicho mpaka mwaka 2002 wakachapisha ugunduzi wa kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo, katika jarida la Nature. Mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaokufanya ucheke kwanza, halafu ufikiri. Sisi huku tunajua hiyo sehemu ya kwanza peke yake.

Sasa githeri. Hapa nataka tukae kidogo.

Kogo wangu alikuwa na dada Mombasa. Kila akitoka kumtembelea alikuwa anasema maharagwe ya pwani yanaiva haraka, ya kwetu yana kichwa ngumu. Tulimcheka miaka yote. Tulisema ni mbegu, tulisema ni makaa, tulisema ni uzee. Lakini kogo alikuwa amepima kwa tumbo lake mwenyewe, na alikuwa sawa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa inayotukandamiza ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo maji yanapata nafasi ya kuchemka mapema, kwenye nyuzi kama 93 hivi. Na maji yakishaanza kuchemka hayaongezi joto tena, hata ukoleze moto namna gani. Unaunguza makaa tu. Maharagwe ya Mombasa yanapikwa kwa nyuzi 100, ya Langas kwa 93. Ndiyo maana sufuria ya presha inasaidia: inafungia mvuke ndani, joto linapanda kupita 100, na maharagwe yanasalimu amri.

Sasa sikiliza niliyoyapata shuleni. Nilikuwa kidato cha 2, shule ambayo sitaitaja. Mwalimu akaandika ubaoni: maji huchemka kwa nyuzi 100. Nikainua mkono nikauliza, "Mwalimu, hata hapa Eldoret?" Nilikuwa nawaza maneno ya kogo. Akanijibu, "Maji ni maji. Andika 100." Darasa likaanguka kicheko. Mpaka nikamaliza kidato cha 4 nilikuwa naitwa Profesa Githeri.

Mwaka huu nilinunua kipimajoto, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya chai jikoni kwangu maji yakitokota. Tisini na tatu. Nilikaa nikaiangalia hiyo namba kama mtu aliyerudishiwa pesa yake.

Na fikiria mtoto wa hapa akipima hivyo kwa mkono wake, aandike 93 kwenye mtihani. Atapigwa mkasi. Aliyekariri 100 na hajawahi kugusa kipimajoto atapewa alama. Kitabu chenyewe, ukikisoma polepole, kinasema ni 100 kwenye usawa wa bahari. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayohusu watu wa Uasin Gishu, na ndiyo inayorukwa.

Mnadhani nalia peke yangu? Kuna kijana aliitwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha 3 katika shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inaisha, na mwenzake akaweka maziwa yake bila kuchemsha. Mpemba akaona atakosa nafasi, akaingiza yake yakiwa moto. Waliporudi baadaye, ya moto yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Akauliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye akajua kwamba wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanafanya hivyo hivyo kila siku, wanaweka ya moto ili yagande haraka. Wachuuzi walijua, shule haikujua. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Wenzake wakaigeuza wimbo: akikosea hata hesabu, ni "hesabu ya Mpemba." Mnaona? Mimi niliitwa Profesa Githeri. Ni shule ile ile, imebadilisha tu nchi na mwaka.

Halafu akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtu wa fizikia. Mpemba akainua mkono tena. Wenzake wakaona haya kwa niaba yake. Lakini Osborne hakucheka. Alisema hajui, atajaribu. Fundi wake wa maabara akajaribu, akarudi akisema maji ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Soma hiyo sentensi tena. Jibu liko mbele ya macho yake, na bado anasubiri lile la kitabuni! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education, na mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la yule kijana aliyechekwa.

Na sitawadanganya: wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 wengine walipima upya wakasema hawaoni kitu, mwaka 2020 wengine wakaonyesha jambo kama hilo kwenye chembe ndogo ndani ya maji. Sawa, wabishane. Hiyo ndiyo heshima ya swali, kwamba watu wazima wanalipigania zaidi ya miaka 50. Mwalimu aliyemcheka Mpemba hakuwa ameshinda mabishano yoyote. Alikuwa amezima taa tu.

Najua mtaniambia nini. Mtasema wewe uliacha chuo, unatufundisha nini? Ni kweli, niliacha mwaka wa pili. Karo ndiyo iliyonitoa, sitajifanya shujaa. Lakini sikulia nilipotoka, kwa sababu hata huko nilisikia sentensi moja zaidi ya zote: "Hiyo haitakuja kwenye mtihani." Nilikuwa nalipa pesa za mama yangu nifundishwe kutouliza.

Mtasema walimu wana watoto 60 darasani na silabasi haingoji. Hilo nalikubali, na mwalimu wa Kenya simwonei wivu hata kidogo. Lakini "sijui, tutaangalia pamoja" inachukua sekunde tatu. Kumcheka mtoto kunachukua sekunde kumi. Nani hapo anapoteza muda?

Mtasema siku hizi intaneti ina kila jibu. Sawa, uliza intaneti maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Itakuambia 100 upesi sana. Lazima wewe mwenyewe ujue kuongeza, "na hapa ninapoishi je?" Hayo maneno hayako kwenye simu. Yako kwa mtu ambaye hajavunjwa moyo.

Na msidhani haya yanaishia jikoni. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulipokuja na kodi ya asilimia 16 kwa mkate, swali lililoamsha nchi halikuwa la kisomi. Lilikuwa, "Kwani mkate utakuwa pesa ngapi?" Vijana wakalisoma, wakalitafsiri, wakalirudia, mpaka muswada ukaondolewa. Mtu aliyezoea kuambiwa "maji ni maji, andika 100" ataambiwa pia "kodi ni kodi, lipa." Na atalipa.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya mtu mmoja. Mdogo wangu yuko Gredi ya 5. Alikuwa mtoto wa kuniamsha usiku akiuliza mbona mwezi unatufuata tukiwa kwenye matatu. Muhula huu amenyamaza. Juzi nilimuuliza kama ana swali la vidio yangu. Akaniambia, bila hata kuinua kichwa, "Ukiuliza watakucheka."

Ana miaka kumi. Kumi!

Kwa hivyo mzee wangu wa stendi, nitaendelea kuzunguka. Jumamosi mimi na mdogo wangu tunaweka sufuria motoni na kipimajoto ndani, na yeye ndiye atakayesoma namba kwa sauti mbele ya kamera. Halafu atawaambia mwezi unatufuata kwa nini: uko mbali sana, nyumba na miti inapita dirishani na wenyewe unabaki pale pale, kwa hivyo jicho linadhani tunasafiri nao. Wewe ukiwa na swali uliloliogopa tangu shule ya msingi, lilete. Huku hatucheki mtu.