Kidole kidogo cha kushoto



Wengi mmetuuliza kwa nini mwezi uliopita hatukutoka majuma mawili. Wengine walidhani feza ya karatasi imekwisha. Hapana. Karatasi ilikuwapo, na wino pia. Kilichokosekana ni mkono.

Mwenzetu anayetupigia gazeti hili ni mama wa watoto watano. Kazi yake ya kila siku iko katika sekretaria ndogo, karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani. Tangu chuo kile kilipoanza mwaka 1963, wanafunzi wanamaliza kwa kuandika, na kila anayeandika anatafuta mtu wa kumpigia. Msimu wa memwari ukifika, mama huyu anakaa kitini saa mbili asubuhi na kuondoka giza likiingia. Feza ile ndiyo inayolipa masomo ya watoto wawili wa sekondari. Halafu anapanda toleka, anarudi nyumbani, anashika mchi na kutwanga pondu.

Alianza kuamka usiku. Dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vilikufa ganzi, akawa anakung'uta mkono kama mtu anayezima kiberiti. Tulipomuuliza, alisema ni uchovu. Jioni moja sufuria ilimponyoka na pondu yote ikamwagika. Hapo hakuweza kuficha tena.

Daktari alimweleza hivi. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Ndani yake hupita kano tisa za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, mshipa unabanwa, na vidole vinakufa ganzi, zaidi usiku. Ugonjwa huu unawapata wanawake kuliko wanaume, na mimba huuzidisha. Daktari hakusema kwamba kompyuta peke yake ndiyo iliyomwumiza. Aliuliza anafanya nini tangu asubuhi mpaka anapolala, akaandika yote. Kisha akampa kitambaa kigumu cha kufunga kifundo usiku na kumwambia apumzike majuma mawili. Ndiyo yale majuma mawili mliyokosa gazeti.

Tukakaa katika mkutano wetu wa Jumamosi kujiuliza: akirudi kwenye kazi ileile kwa namna ileile, tumefanya nini?

Tulianza na klavye, ile ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaita kibodi. Zilizo nyingi katika sekretaria zetu ni za bei ndogo. Chini ya vitufe kuna karatasi za plastiki na vikofia vya mpira, na kitufe hakiandiki mpaka ukisukume karibu kufika chini. Kila herufi ni pigo dogo kwenye ncha ya kidole. Mpira ukichoka, unapiga kwa nguvu zaidi. Kitufe kimoja kikifa, klavye nzima inatupwa.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tunaopiga Kiswahili hatukuwa tumeliangalia. Klavye zetu zimepangwa kwa ajili ya Kifaransa, zile zinazoanza na A, Z, E, R, T, Y. Herufi A iko juu kabisa kushoto, na W iko chini kabisa kushoto. Kwa anayepiga kwa vidole vyote kumi, zote mbili ni mzigo wa kidole kidogo cha kushoto. Na Kiswahili hakina herufi kinayoipenda kuliko A. Chukueni maneno haya: "wamama wanatwanga". Yana herufi 16. A ni saba, W ni tatu. Herufi kumi kati ya kumi na sita zinapigwa na kidole kimoja, kilicho dhaifu kuliko vyote, kikiruka chini na juu, chini na juu. Ukitaka herufi kubwa ya upande wa kulia, kidole hichohicho kinashikilia kitufe cha herufi kubwa. Hata nukta ya kumaliza sentensi haipatikani bila kitufe kile.

Mtoto wa dada mmoja wa chama anafanya kazi Ulaya na kompyuta. Aliposikia habari hii, akatuma kwa msafiri klavye yake ya zamani pamoja na kimfuko cha springi ndogo. Ilipofika tulicheka, kwa kuwa tulidhani imevunjika njiani. Ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa waya. Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa. Kipande kimoja kinakaa mbele ya bega la kushoto na kingine mbele ya bega la kulia, ili mikono iende mbele imenyooka. Kwenye klavye ya kawaida mikono inakutana katikati ya kifua, na vifundo vinapinda kwenda nje siku nzima.

Mpango huu una mama yake. Lillian Malt alikuwa mwanamke aliyefundisha wapiga mashine. Aliona mikono yao inavyoumia, na katika miaka ya 1970, pamoja na fundi Stephen Hobday, walitengeneza klavye iitwayo Maltron. Waliigawa sehemu mbili, wakaipa mabonde ya kufuata urefu wa vidole. Dole gumba, ambalo kwetu kazi yake ni kusukuma nafasi tu, walilipa herufi E, ile inayotumika kuliko zote katika Kiingereza. Aliyejua kasoro iko wapi alikuwa mwalimu aliyekaa karibu na wapigaji.

Klavye yetu ni ya mekaniki. Kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Swichi ikifa, unaitoa hiyo moja. Tuliipeleka kwa kijana anayetengeneza simu, anayejua kulehemu vitu vidogo. Kazi aliyoifanya ni hii.

Kwanza, kitufe cha E kilikuwa hakiitiki. Alichukua swichi ya kitufe kimoja cha pembeni ambacho hatujawahi kukigusa maishani, akailehemu mahali pa E. Klavye ikapona bila kununua kitu.

Pili, swichi zile zilikuwa nyeusi, za kampuni Cherry ya Ujerumani, ambazo zinataka msukumo wa gramu 60 hivi. Springi tulizoletewa ni za gramu 45, kama zile za swichi nyekundu za kampuni hiyohiyo. Hazikutosha vitufe vyote, basi tukachagua vitufe sita vya vidole vidogo, vitatu kila upande. Kijana aliyeyusha risasi, akatoa swichi, akazifungua, akabadilisha springi, akarudisha. Uzuri wa swichi hizi ni kwamba zina safari ya milimita 4, lakini herufi inaandikwa ukifika milimita 2. Hulazimiki kugonga chini.

Tatu, klavye hii ina kumbukumbu yake ndani, na mtu anaweza kuiambia kitufe fulani kiwe herufi nyingine. Tulishusha A pale Q ilipokuwa, mahali kidole kinapopumzika, na Q ikapanda juu. Kitufe cha herufi kubwa tulikipa dole gumba. Alama mpya tuliziandika kwa rangi ya kucha.

Tusiwadanganye: siku za kwanza zilikuwa kichekesho. Mkono uliozoea kupanda juu uliendelea kupanda, na karatasi ya kwanza ilitoka imeandikwa "Wqmqmq wqpendwq". Ilichukua karibu majuma matatu. Na mpaka leo, akikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, anakosea. Kwa hiyo hiyo klavye inasafiri naye ndani ya kikapu, imefungwa kwa kitenge.

Kuna mama aliyeleta mafuta ya mawese ili swichi ziteleze. Tulimshukuru na kumrudishia. Mawese yanaganda na kukamata vumbi. Swichi inataka grisi yake maalum, kidogo sana. Ukiikosa, iache kavu.

Sasa, tunajua wengi wenu hamna mtoto Ulaya. Haya yafuatayo hayataki feza.

Klavye yako ina miguu miwili nyuma. Ikunje. Miguu ile inainua nyuma ya klavye na kukunja kifundo kwenda juu. Meza zetu ni ndefu na viti vya plastiki ni vifupi, basi weka mto kitini mpaka viwiko vifike usawa wa meza, na miguu ikining'inia weka tofali chini. Usiegemeze kifundo kwenye ukingo wa meza unapopiga. Kila nusu saa simama, fungua vidole, kunywa maji. Vua vikofia vya vitufe mara moja kwa mwezi, vioshe kwa sabuni, vikauke kabisa. Mwili wa klavye usiguswe na maji, ufutwe tu vumbi kwa brashi laini. Vitufe vichafu ni vizito.

Na ukiamka usiku vidole vimekufa ganzi, au vitu vinakuponyoka, usingoje msimu uishe. Nenda ukaonwe. Mwenzetu alingoja miezi minne, na daktari alimwambia kwamba mshipa ukibanwa muda mrefu, nguvu ya dole gumba inaweza kupotea isirudi.

Kuna jambo la mwisho, na hili lilileta maneno mengi katika mkutano kuliko springi zote. Daktari alikuwa ameandika pia mchi. Klavye tuliirekebisha siku mbili. Nyumba ilichukua mwezi. Mama huyu ana vijana watatu wenye nguvu na bwana mwenye afya, lakini kila jioni mchi ulimngoja yeye. Tulikwenda wamama wanne kuongea na Papa, kwa heshima. Alisikiliza, akanyamaza, akasema: "Hakuna aliyeniambia kwamba anaumwa." Alisema kweli, kwa sababu alikuwa akificha hata nyumbani. Kesho yake kijana mkubwa alitwanga. Siku hizi anatwanga hata lituma, na mama anasema ya kijana ni laini kuliko yake. Hatujui kama anasema hivyo ili kijana asiache.

Mkono haujapona wote. Ganzi inarudi usiku mmoja mmoja, hasa akipiga kurasa nyingi. Lakini analala, na sufuria haimponyoki. Gazeti hili amelipiga yeye, kwa zamu za nusu saa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika likelemba yetu, mkutano umekubali kuweka pembeni kiasi kidogo kila Jumamosi ili tupate klavye ya pili, kwa kuwa wapo wengine watatu kati yetu wanaopiga mashine, na mmoja wao ameanza kukung'uta mkono. Ninyi mnaojua kulehemu, au mlio na vijana wanaojifunza, njoni Jumamosi saa tisa mchana. Tutafungua klavye moja mezani, muone ndani yake.

Wazazi, msije peke yenu. Leteni vijana wenu wa kiume. Baada ya klavye kutakuwa na pondu ya kutwanga.