Baada ya Dhiki, au Ndani ya Dhiki?

Mwaka uliopita nilihudhuria matanga katika nyumba moja ya ghorofa pale Kizingo, si mbali na ile mibuyu mikongwe inayotazama lango la bahari. Marehemu alikuwa baba wa familia, na mjane wake alikuwa ameketi mkekani pamoja na akina mama wa kanisa lao. Mhubiri aliyekaribishwa kutoa neno alimgeukia mama yule akamwambia apanguse machozi, kwa kuwa Mkristo hupaswa kufurahi katika mambo yote, na kulia kupita kiasi ni dalili ya imani haba. Watu waliitikia amina. Nami niliitikia, kwa mazoea tu, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza: hivi neno hili furaha tunalielewa, au tunalitamka kwa kuwa limezoea ndimi zetu?

Swali hili ni la dini, lakini ni la lugha vilevile, na ndiyo sababu nimethubutu kulileta mbele ya wanachama wenzangu na walimu wetu.

Tuanze na msamiati. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno raha, furaha na faraja, nasi aghalabu huyachanganya kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Kila moja lina mzizi wake. Raha ni mapumziko, hali ya mwili na moyo kutosumbuliwa. Faraja inatokana na mzizi wenye maana ya kufunguka, yaani nafasi kupatikana pale palipobana. Na dhiki nayo, kwa asili yake, ni huo ufinyu wenyewe. Kwa hiyo methali yetu isemayo baada ya dhiki faraja ni picha kamili ya msafiri anayepita penye wembamba kisha akatokea uwandani. Furaha haimo katika picha hiyo. Furaha ni moyo kuchangamka, na haisemi lolote kuhusu upana au wembamba wa mahali moyo huo ulipo. Mtu aweza kuwa na raha asiwe na furaha, na hilo halihitaji ushahidi. Je, aweza kuwa na furaha asiwe na raha?

Imani ya Kikristo hujibu kwamba aweza, na jibu hilo ni zito kuliko tunavyolichukulia makanisani. Methali husema baada. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, aliwahimiza wafurahi sasa. Hakuwaambia wangoje hadi atakapofunguliwa. Nabii Habakuki humaliza kitabu chake kwa kuorodhesha hasara, mitini isiyochanua na mazizi yasiyo na mifugo, na katika orodha iyo hiyo hutangaza kuwa atamshangilia Mungu. Majirani zetu Waislamu hawako mbali na jambo hili. Sura ya 94 ya Kurani, inapozungumzia uzito na wepesi, hutumia neno lenye maana ya pamoja na, wala si baada ya. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita hilo bila kusimama. Kihusishi kimoja chaweza kubeba teolojia nzima.

Wengi wangetarajia kwamba mtu anayeandika juu ya mateso ya Wakristo wa Mombasa ataanzia Ngomeni, kwenye mauaji ya mwaka 1631. Sitaanzia hapo. Aliyeyaongoza, Sultani Yusuf bin Hassan, alikuwa amebatizwa na kulelewa Goa mikononi mwa Wareno wale wale waliohusika na kuuawa kwa baba yake mwaka 1614, na kisa hicho hakiwezi kuelezwa kwa haki katika aya mbili. Mimi husimama ukutani mwa Ngome nikatazama ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Nyali, kwani huko kuna kaburi ambalo sisi watu wa Kiswahili tuna deni nalo.

Johann Ludwig Krapf tunamjua sote, angalau kwa ajili ya mtihani. Tunakariri kwamba sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa, iliyojaa Kimvita, ikatoka London mwaka 1882, baada ya yeye kufariki mwaka 1881. Tusichokariri ni mazingira ambamo kazi hiyo ilianza. Krapf alifika pwani yetu mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, mzaliwa wa Basel, akiwa na barua ya Sayyid Said ya kumtambulisha kwa wakuu wa mwambao. Kabla ya hapo, walipokuwa safarini katika nchi ya Washoho karibu na Massawa, Rosine alijifungua mtoto kabla ya wakati wake, naye hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi.

Mwezi Juni mwaka huo wa 1844, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa kisiwani, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. (Ningependa siku moja mtu aandike tasnifu nzima juu ya kadhi yule, ambaye hakuona ubaya kumsaidia mgeni wa dini nyingine kutafuta neno sahihi.) Mwezi Julai Rosine alijifungua tena, mtoto wa kike. Homa iliwashika wazazi wote wawili. Rosine alifariki tarehe 13, na kichanga kikamfuata siku chache tu baadaye, baba mwenyewe akiwa hoi kitandani. Kabla ya kukata roho mama huyo aliomba azikwe barani, kando ya njia ipitwayo na watu, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao sababu iliyomleta.

Baadaye Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo la upweke ni ishara ya kazi kuanza. Barua hiyo husifiwa sana mimbarini. Binafsi naamini huwa inasomwa nusu. Anayeisifu husahau kwamba aliyeiandika ndiye aliyemwita mwanawe Chozi, na tena akamwita hivyo wakati wa kumbatiza, katika ibada, mbele ya Mungu wake. Hakuona kwamba imani inamtaka kuficha kilio. Kisha akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai, na kwa miaka mingi hawakupata waumini wa kuhesabika. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu fukara ambaye hakubaki duniani muda mrefu baada ya kuamini. Kwa kipimo cha raha, maisha hayo yalikuwa hasara tupu. Hata hivyo, mtu hakusanyi maelfu ya maneno ya lugha ya wenyeji, na mifano ya matumizi yake, kwa chuki au kwa unyong'onyevu. Kwa hilo nadai kwamba kamusi ile ni ushahidi wa furaha, ijapokuwa sina namna ya kuuingia moyo wa marehemu.

Sidai kuwa Krapf hakuwa na makosa. Maandishi yake yana hukumu kali juu ya Waislamu na juu ya mila za Wamijikenda, na sisi hatulazimiki kuzirithi. Pia kuna tahadhari kubwa zaidi. Dhiki ya Krapf aliichagua mwenyewe kwa kupanda chombo. Watu walioletwa Frere Town tangu mwaka 1875, baada ya kuokolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, hawakuchagua yao. Kumwambia mtu aliyefungwa minyororo kwamba afurahi ni jambo la fedheha iwapo anayesema ndiye aliyeshika ufunguo. Paulo aliweza kuwaambia wengine wafurahi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ndani. Mwajiri asiyelipa mishahara, mzazi mkatili, kiongozi aliyekula fedha za dawa, hawa hawana haki ya kuhubiri furaha katika dhiki, hata wakiwa na Biblia mkononi. Wenye haki hiyo ni wale wenye dhiki, nao aghalabu hawaihubiri; huionyesha tu.

Hapa ndipo mhubiri wa Kizingo alipokosea, kwa maoni yangu. Alidhani furaha na machozi ni kama taa na giza, kimoja kikiingia kingine hutoka. Lakini Yesu wa Injili alilia kaburini pa Lazaro akijua fika atakalolitenda dakika chache baadaye. Ikiwa yeye alilia, mjane apanguse machozi kwa amri ya nani?

Siku ya tatu nilirudi matangani. Wageni walikuwa wamepungua, na mtu alikuwa ameleta mihogo ya kukaanga kutoka kwa wachuuzi wa pale mibuyuni, ikiwa bado na ndimu na pilipili. Mama alituambia jinsi marehemu alivyokuwa akibishana na wachuuzi hao kwa shilingi tano, kila jioni, miaka yote ya ndoa yao, na mwishowe huwapa kumi zaidi. Alicheka mpaka leso ikamwanguka, na machozi yakimtiririka bila yeye kujishughulisha kuyafuta. Shemeji yake alimwuliza kama anataka maji. Akasema la, mwanangu, niache kidogo.